Kongwa Haikuuawa na Ukame

Mradi wa Karanga wa Tanganyika husimuliwa kama kichekesho: Wazungu waliokuja Ugogo, mkoani Dodoma, na vifaru vya vita kulima karanga, wakaumbuka, wakarudi kwao. Gazeti hili halicheki. Mji uliojengwa Kongwa mwaka 1947, ukatelekezwa kabla watoto waliozaliwa humo hawajafikia umri wa kuanza shule, ni shauri ambalo halijapata hukumu mahali linapostahili, yaani hapa nchini. Bunge la Uingereza lilifuta hasara yake na kufunga jalada. Sisi tulibaki na visiki, misingi ya nyumba na somo ambalo hatujalisoma.

Hukumu yetu ni hii. Kongwa ya karanga iliuawa na amri za watu ambao hawakulazimika kuishi na matokeo ya amri zao. Na sheria zetu za leo bado zinaacha mlango wazi kwa mji mwingine kujengwa na kufa kwa namna ileile.

Tuanze na ushahidi. Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia viliuzwa kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipita kwa ndege juu ya Tanganyika, akaona pori kubwa, na akaipelekea Wizara ya Chakula ya London wazo la kulima karanga kwa mashine. Huko angani hakuona malisho ya ng'ombe, mizinga ya nyuki, visima vya kiangazi wala mashamba yaliyopumzishwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, ardhi ya nchi hii ilikuwa mkononi mwa Gavana, kwa hiyo hakukuwa na mwenyeji ambaye mpango ulilazimika kumbishia hodi.

Juni mwaka huohuo ilitumwa kamati ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Kamati ilizunguka kwa muda usiofika miezi mitatu, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ikapendekeza ekari 3,210,000 zifyekwe. Eneo hilo linakaribia ukubwa wa Mkoa wa Kilimanjaro. Lingegawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: 80 Tanganyika, yaliyobaki Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban pauni milioni 24, na mavuno yangefika tani 600,000 kwa mwaka. Serikali ya Waziri Mkuu Clement Attlee ilikubali. Waziri wa Chakula, John Strachey, akawa mtetezi mkuu wa mradi.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na lilifanyika kwa kujua. Hakuna aliyesema: tulime ekari mia tano kwanza, tungoje misimu mitatu, tuone. Shamba la majaribio lilionekana kuwa upotevu wa muda, kwa kuwa akina mama wa Uingereza walikuwa kwenye foleni ya siagi. Haraka ya London ikageuzwa kuwa sayansi ya Ugogo.

Kosa la pili lilikuwa kufumbia macho jambo ambalo kila mzee wa Ugogo alilijua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, na mvua hiyo haiaminiki: mwaka huu inajaza mito ya mchanga, mwaka ujao inakatika mazao yakiwa yanatoa maua. Njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliita Mtunya, iliua maelfu ya watu na kusambaratisha vijiji. Ilitokea miaka isiyofika thelathini kabla ya kamati ya Wakefield kutua, mbele ya macho ya serikali ileile ya Kiingereza. Ukame wa Ugogo haukuwa siri iliyofichwa na wenyeji. Ulikuwa kwenye mafaili ya wakubwa wenyewe.

Na Wagogo hawakuwa watu wasiojua karanga. Walizilima, katika vijaruba, pamoja na mtama na uwele, kwa jembe la mkono, kwenye udongo waliouchagua. Akiba yao ilikuwa ng'ombe na mbuzi, ambao mvua ikikatika huhamishwa kufuata nyasi. Huo ulikuwa mfumo wa kilimo uliotokana na miaka mingi ya kufa na kupona. Kamati iliona karanga zimeota vizuri kwenye vijaruba hivyo, ikazidisha kwa mamilioni, na ikasahau kuuliza kwa nini mwenye kijaruba hakulima kikubwa zaidi.

Mwanzoni mwa mwaka 1947 kikosi cha kwanza kilipiga kambi Kongwa. Inasemekana askari zaidi ya 100,000 waliotoka vitani walijitolea kujiunga na lililoitwa jeshi la karanga. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi uliotakiwa, hivyo yakanunuliwa mabaki ya vita hadi Ufilipino, na kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ikalemewa na shehena. Tawi la reli likajengwa kutoka Msagali kwenye Reli ya Kati kuja Kongwa. Mji ukachomoza porini: mahema kwanza, kisha nyumba, karakana, hospitali, shule ya watoto wa Kizungu na kilabu. Maji yalitafutwa mbali, kwa kuwa mji ulikuwa umepangwa kabla ya kujulikana utakunywa nini.

Pori lilikataa. Vichaka vya Kongwa vimefungamana chini kwa chini, na mizizi yake ilipinda plau. Mibuyu ilikuwa na nyuki waliowatimua madereva. Mpaka mwisho wa kiangazi cha mwaka ule wa kwanza, karibu theluthi mbili ya mashine zilizoletwa zilikuwa hazifanyi kazi. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa karanga zilikuwa kama 7,500, yaani ekari tano kwa kila mia zilizoahidiwa. Kisha udongo ukatoa ushahidi wake. Una mfinyanzi mwingi na mchanga mkali unaokula chuma cha plau, na mvua ikikatika huwa mgumu kama saruji. Karanga huzaa chini ya ardhi. Hata zilizokuwa zimekomaa hazikung'oleka.

Mwaka 1948 mradi ulikabidhiwa kwa chombo kipya cha umma, Shirika la Chakula la Ng'ambo. Uongozi ulibadilika, haraka haikubadilika. Ukame ukapiga, alizeti zikajaribiwa mahali pa karanga, nazo zikanyauka. Baada ya misimu miwili mavuno yalikuwa takriban tani 2,000, pungufu ya karanga zilizonunuliwa kwa ajili ya mbegu. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa mpango mkubwa umekwisha, na pauni zipatazo milioni 36 za wakati ule zikafutwa vitabuni.

Nani aliwajibika? Strachey alikuwa tayari amehamishiwa Wizara ya Vita mwaka 1950. Wapinzani wake bungeni walipata silaha ya uchaguzi, na neno karanga likawa kejeli katika siasa za Uingereza kwa miaka mingi. Lakini hesabu yote ile ilikuwa ya mlipakodi wa Kiingereza. Hakuna ukurasa uliofunguliwa kwa ajili ya Ugogo.

Tunaufungua hapa. Upande wa kwanza wa hesabu ni watu. Maelfu ya vibarua wa Kiafrika waliacha mashamba yao wakafuata mshahara. Mji wa ghafla ulinunua kuku, mayai, mtama na mbuzi wa vijiji vya jirani, bei zikapanda, na mshahara uliovuta watu ukaliwa na bei hizohizo. Mji ulipofungwa, kibarua aliondoka bila kazi, na shamba alilolikimbia lilikuwa limeshaota magugu. Upande wa pili ni ardhi. Pori lililofyekwa kwa minyororo na buldoza halirudi kwa tangazo la bunge. Upande wa tatu ni imani. Mkulima aliyeona serikali ikipoteza mamilioni kwa kupuuza mvua, kisha ikamtumia bwana shamba kumfundisha kulima, alikuwa na sababu njema ya kutosikiliza.

Kilichofuata Kongwa kinathibitisha kwamba mji haukukosa matumizi, ulikosa mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1950 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi mabaki na kugeukia ufugaji wa ng'ombe, shughuli ambayo Mgogo angeipendekeza mwaka 1946 kama angeulizwa. Ranchi ya Taifa ya Kongwa ipo hadi leo. Shule ya Wazungu ilifungwa mwaka 1958, wanafunzi wake wakapelekwa Iringa, kwenye shule ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa. Reli ya tawi iling'olewa.

Kuanzia mwaka 1964 mahame hayo yakapewa kazi yenye heshima zaidi. Wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika walipiga kambi Kongwa: FRELIMO ya Msumbiji, ambayo kambi yake iliongozwa na Samora Machel, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo. Wapiganaji wa ANC walijenga kambi yao kando ya kituo cha reli kilichoachwa. Watanzania wanayo haki ya kujivunia ukurasa huo. Lakini historia hiyo tukufu isitumike kusafisha ile iliyotangulia. Mashujaa wa ukombozi walikuta majengo matupu kwa sababu mtu mwingine alikuwa amefanya uzembe.

Wapo wanaotetea mradi, na hoja zao tunazijibu. Hoja ya kwanza ni nia njema: dunia ilikuwa na njaa, na mtu hahukumiwi kwa kujaribu. Tunaikataa. Kujaribu ni kulima kidogo na kupima. Kufyeka kabla ya kupima ni kucheza kamari, na aliyecheza kamari hii aliweka mezani ardhi ya mwingine.

Hoja ya pili ni urithi: bila karanga, Mtwara isingepata bandari yake ya kina kirefu iliyofunguliwa mwaka 1954. Ni kweli bandari ilijengwa kwa ajili ya mradi, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Lakini bandari ilifunguliwa wakati karanga zilizokusudiwa kupita hapo zimeshafutwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ya kusini ilifungwa na vyuma vyake kung'olewa. Mkoa ambao kilio chake kwa miongo iliyofuata kilikuwa njia ya kusafirisha korosho ulitazama reli ikiondoka. Urithi uliopatikana kwa bahati hauwezi kuitwa mpango.

Hoja ya tatu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inatufariji: kwamba haya yalikuwa makosa ya mkoloni na yaliondoka naye. Historia yetu wenyewe inaikanusha. Kuanzia mwaka 1970 shirika letu la umma, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano Hanang. Yalifikia saba, yakachukua karibu ekari 100,000 za malisho bora ya Wabarbaig, na plau zikapita hadi kwenye makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980, wakashinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufani. Ngano ilipatikana, tofauti na karanga, lakini mfadhili alipoondoka shirika halikuweza kujiendesha, na mashamba yakaishia kwenye orodha ya mali za kubinafsisha. Kisha ikaja zamu ya mibono. Huko Kisarawe kampuni ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya mafuta ya mimea, na mwaka 2011 shughuli zikasimama, mamia ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na vijiji vikabaki vinauliza ardhi yao ni ya nani.

Bendera zilikuwa tofauti, mazao yalikuwa tofauti, utaratibu ulikuwa mmoja. Eneo linaonekana tupu kwenye ramani. Takwimu kubwa inatangazwa kabla ya jaribio. Mwenyeji anaarifiwa badala ya kuulizwa. Mambo yakiharibika, aliyeamua anahamishwa na aliyeamuliwa anabaki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilipaswa kukata mnyororo huu. Iliukata nusu. Serikali inapotaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Eneo likizidi hapo, kauli ya mwisho inahamia kwa waziri, na kijiji kinabaki na nafasi ya kutoa mapendekezo. Kwa maneno mengine, kadiri hatari inavyokuwa kubwa kwa kijiji, ndivyo sauti ya kijiji inavyokuwa ndogo. Ekari 30,000 za shamba moja la karanga zingekuwa zaidi ya hekta 12,000. Chini ya sheria yetu huru, Mgogo wa mwaka 1946 angekuwa na haki ya kupendekeza tu.

Hatuandiki haya kwa sababu ya kupenda mambo ya kale. Katika mkoa uleule wa Dodoma, huko Chinangali, Serikali imeanzisha mashamba makubwa ya pamoja kwa ajili ya vijana chini ya programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora. Tunakubali bila kinyongo kwamba kuna tofauti za msingi. Walengwa ni Watanzania, umwagiliaji umewekwa katikati ya mpango, na anayeamua anaweza kuulizwa bungeni na wapiga kura wake. Lakini tofauti hizo zitakuwa na thamani zikionekana kwenye vitabu vilivyo wazi: maji ya visima yanapimwaje na yanashuka kwa kasi gani, kila ekari imegharimu kiasi gani, imevuna nini kila msimu, na kijana anayeshindwa anaondoka na deni la nani. Serikali iliyojiamini haina sababu ya kuficha majibu hayo.

Wakati huohuo ipo kumbukumbu nyingine ndani ya Wilaya ya Kongwa yenyewe. Kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro lipo soko la nafaka la Kibaigwa, moja ya masoko makubwa ya mahindi nchini. Mahindi yanayojaza malori pale hutoka kwa wakulima wa Kongwa, Kiteto na wilaya za jirani. Wengi wao hulima kwa uamuzi wao, kwa ukubwa wanaoumudu, na mvua ikiwaangusha hawahitaji bunge la nchi nyingine kutangaza kwamba wameanguka. Hatusemi hali yao ni pepo. Migogoro ya wakulima na wafugaji Kiteto imemwaga damu, na bei ya mahindi huporomoka pale mkulima anapokuwa na gunia la kuuza. Tunasema kwamba wilaya iliyoitwa haifai kwa kilimo imeendelea kulisha miji, baada ya mipango mikubwa kuondoka.

Kwa hiyo tunatoa madai manne, na tunayaelekeza kwa majina ya vyombo vinavyohusika.

Kwanza, Wizara ya Kilimo isiidhinishe mradi wowote wa shamba kubwa katika maeneo kame bila misimu isiyopungua mitatu ya majaribio kwenye eneo dogo la mradi wenyewe, na matokeo yake yachapishwe kwa Kiswahili kabla ya trekta la kwanza kuingia. Ripoti ya mshauri aliyepita angani si jaribio.

Pili, Bunge lirekebishe Sheria ya Ardhi ya Vijiji ili mkutano mkuu wa kijiji uwe na haki ya kukataa, bila kujali eneo ni hekta 25 au 25,000. Kama mradi ni mzuri, wananchi watashawishika. Kama hawashawishiki, huo ni ushahidi ambao London iliukosa mwaka 1946 na ukaigharimu pauni milioni 36.

Tatu, kila mwekezaji, wa ndani au wa nje, wa umma au binafsi, aweke fedha za dhamana za kufunga mradi kabla ya kuanza: za kulipa wafanyakazi stahiki zao, kurejesha ardhi katika hali ya kutumika na kuirudisha mikononi mwa kijiji ndani ya muda uliowekwa. Anayekataa kulipia mwisho wa mradi ametuambia mapema kwamba hatakuwepo mwisho huo ukifika.

Nne, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akague miradi ya mashamba makubwa iliyokufa, kuanzia Hanang hadi Kisarawe, na ripoti iseme nani aliidhinisha nini na kwa ushahidi gani. Nchi ambayo haijui nani alikosea mara ya mwisho humteua mtu yuleyule mara inayofuata.

Waingereza walifuta deni la Kongwa kwa sababu lilikuwa deni lao kwao wenyewe. Deni lililobaki, la kumuuliza mwenye ardhi kabla ya kuigusa na kuwajibika kwake baada ya kuiharibu, limehamia kwa Serikali ya Jamhuri ya Muungano tangu siku tulipojitawala. Hatutakubali lifutwe. Wabunge wanaokutana Dodoma wanaweza kufika Kongwa kwa gari na kurudi siku hiyohiyo. Waende, wawasikilize wazee waliobaki, kisha warudi ukumbini wabadilishe sheria.